Mwongozo Kamili: Kupima Chumvi ya Mvua Kutoka Mama Ngina Hadi Mariakani, kwa Kanuni za Wapima Theluji

Tangu masika yaanze, vijana wa Mombasa wananiletea chupa za maji ya mvua nizipime. Kazi waliyojitwika ni nzuri. Wanataka kuonyesha kwamba chumvi ya bahari hupungua ndani ya mvua kadiri unavyoiacha pwani, kama inavyopungua ndani ya theluji ya Antaktika ukitoka ufukweni na kupanda uwanda wa ndani. Karibu wote wanakwama mahali pamoja: namba zao hazishuki. Chupa ya Mariakani, huko bara, inasoma juu kuliko ya Nyali iliyo ufukweni, ya Miritini imepaa kupita zote, na mwishowe wanaandika kwamba mvua haina mpangilio.

Mpangilio upo. Chupa zao ndizo zilizochafuka kabla tone la kwanza halijaanguka, au kila chupa ilikinga mvua ya siku yake. Mwongozo huu ni wa kuzuia makosa hayo mawili. Nimeufuatisha na jinsi watafiti wa theluji ya ncha za dunia wanavyofanya, kwa sababu wao wanasaka chumvi kidogo mno kuliko yetu na hupata majibu ya kuaminika.

## Vifaa, kabla ya yote

Orodha hii ni ya vituo vitano na mvua mbili.

- Chupa 14 za plastiki za lita 2, zilizonunuliwa na maji ya kunywa ndani yake. Chupa ya soda au juisi usiitumie, kwani sukari na asidi hujificha kwenye nyuzi za kifuniko.
- Faneli 6 mpya za plastiki, zenye upana wa sentimita 20 mdomoni. Faneli iliyowahi kupitisha mafuta ya taa haifai hata ukiiosha wiki nzima.
- Lita 20 za maji yaliyotoneshwa. Kwenye maduka ya vipuri vya magari huitwa maji ya betri. Soma kibandiko vizuri: asidi ya betri huuzwa rafu hiyo hiyo, kwa chupa zinazofanana, na inaunguza.
- Mita ya upitishaji umeme inayosoma mikrosimensi kwa sentimita. Ukikosa, wauzaji wa maji yaliyosafishwa mtaani huwa na mita ya TDS, inayokadiria vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji. Hiyo huonyesha namba ya chini zaidi, mara nyingi kama nusu, na haitofautishi vizuri maji yenye chumvi kidogo. Itakufaa kwa vituo vya pwani, itakuangusha Mariakani.
- Kichupa cha maji ya kusawazishia mita, yale ya mikrosimensi 1413.
- Glavu za mpira zisizo na unga.
- Mifuko mipya ya nailoni ya kufunikia faneli na kuhifadhia chupa.
- Miti sita ya mita 2, kamba, kasha lenye barafu.
- Daftari na penseli. Wino hukimbia ukilowa.

Shule yenye maabara iongeze bureti, nitreti ya fedha ya nguvu ya 0.01, kromati ya potasiamu na bikaboneti ya sodiamu. Hivi vya maabara visiguswe bila mwalimu au fundi wa maabara kuwapo.

## Hatua ya 1: Piga mstari unaofuata upepo

Wakati wa masika upepo wetu ni kusi, unaotoka baharini upande wa kusini-mashariki. Barabara kuu ya Nairobi inatoka kisiwani kuelekea kaskazini-magharibi. Kwa hiyo barabara imelala karibu sawa na njia ya upepo, na hewa inayopita Mama Ngina ndiyo inayosafiri kuelekea Mazeras. Huu ni mstari wa bure tuliopewa, utumie. Vituo vyangu ni Mama Ngina, Makupa, Miritini, Mazeras na Mariakani.

Antaktika watafiti hufanya vivyo hivyo: huanza ukingoni mwa bahari, wakapanda uwanda kwa magari ya minyororo wakichukua theluji kila baada ya masafa fulani. Chumvi ya bahari huanguka kwa kasi katika makumi ya kwanza ya kilomita, kisha hupungua polepole. Kinachoipunguza si umbali peke yake. Ardhi inapanda: kituo cha utafiti cha Dome C, ndani kabisa ya uwanda huo, kiko mita 3,233 juu ya bahari. Mawingu yanayolazimika kupanda huangusha mzigo wao njiani, na chembe kubwa za chumvi huanguka kwanza. Ndiyo maana kwenye daftari lako uandike umbali na mwinuko, vyote viwili. Kutoka Miritini kwenda Mazeras unapanda kilima, na mvua inajua hivyo.

Umbali upimwe kutoka wapi? Hapa wengi huteleza. Miritini haiko mbali na maji ya chumvi hata kidogo, maana mikono ya bahari inaingia ndani kabisa nyuma ya kisiwa. Lakini chumvi ya hewani huzaliwa mapovu yanapopasuka, na mapovu hutoka mahali mawimbi yanapovunjika: kwenye mwamba wa nje. Maji ya hori yaliyotulia hutoa kidogo. Pima umbali kutoka kwenye mwamba.

Kila kituo kiwe kwenye ua wa mtu unayemwamini, kwa masharti haya:

- Mti au paa lililo karibu liwe mbali angalau mara mbili ya urefu wake.
- Barabara ya malori iwe mbali kadiri uwezavyo.
- Jiko la kuni lisiwe upande upepo unakotoka. Moshi wa kuni hubeba potasiamu na kloridi, na kloridi, sehemu kubwa ya chumvi ya bahari, ndiyo unayoitafuta.

Wapima theluji huacha gari lao nyuma na kutembea kuelekea upepo unakotoka, ili moshi wa injini usiguse theluji watakayoichukua. Kama mwenyeji wako hupika mihogo uani kila alasiri, mwombe kwa heshima akuonyeshe upande mwingine wa nyumba.

Sasa jambo ambalo hakuna kijana hata mmoja aliyelifanya kabla sijamwambia: kituo kimoja kiwe na faneli mbili, hatua kumi mbali mbali. Mimi huweka Mazeras. Antaktika upepo huchonga theluji kuwa matuta na mifereji, kwa hiyo mashimo mawili yaliyo jirani yanaweza kutoa namba tofauti ingawa hewa juu yake ni moja. Mtafiti asiyejua tofauti ya hatua kumi hawezi kudai anajua tofauti ya kilomita kumi. Wewe pia. Ikiwa faneli zako mbili za Mazeras zinapishana kwa 4, basi tofauti ya 3 kati ya Mazeras na Miritini haikuambii kitu.

Utajua umefaulu ukiwa na ramani yenye nukta sita, na kando ya kila nukta umbali, mwinuko na kitu chochote kinachotoa vumbi au moshi karibu yake.

## Hatua ya 2: Osha mpaka maji yatoke kama yalivyoingia

Chukua muda hapa. Kazi nyingi hufia kwenye hatua hii.

Fanya hesabu nami. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Tone moja ni kama mililita 0.05, kwa hiyo limebeba karibu miligramu 1.75 za chumvi. Lidondoshe kwenye maji ya mvua ya robo lita, umeongeza miligramu 7 kwa lita, na mita itapanda kwa takriban 15. Mvua ya bara yote huenda isifike hapo. Tone moja, basi! Kidole kilichoshika kamba ya ngalawa asubuhi kinatosha kuharibu chupa.

Kwenye theluji ya uwanda wa ndani wa Antaktika sodiamu, sehemu nyingine ya chumvi, huhesabiwa kwa makumi ya mikrogramu kwa lita. Tone la jasho la mchukuaji, likiingia ndani ya lita moja ya theluji iliyoyeyuka, lingeweza kuleta sodiamu nyingi kuliko iliyokuwamo. Mwanakemia Clair Patterson na wenzake, walipochapisha mwaka 1969 vipimo vyao vya madini ya risasi katika theluji ya Greenland na Antaktika, walikuwa wamefanya kazi kwa mavazi na glavu za plastiki na vyombo vilivyosafishwa kwa asidi, kwa sababu mikono na vyombo vya watu vilikuwa na risasi nyingi kuliko theluji yenyewe.

Fanya hivi:

1. Vaa glavu. Mwaga maji ya kunywa yaliyomo.
2. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa mara tatu, ukitikisa na kifuniko kikiwa kimefungwa ili nyuzi zake nazo zioshwe.
3. Tia kikombe cha maji yaliyotoneshwa, funga, ilaze chupa usiku kucha ukiigeuza mara mbili tatu.
4. Asubuhi mwaga, suuza tena mara mbili.
5. Faneli zioshwe vivyo hivyo, zikaushwe juu chini ndani ya mfuko safi. Usizifute kwa kitambaa.

Onyo: usitumie sabuni wala maji ya kisima hata kwa msuuzo wa kwanza. Visima vingi vya Mombasa vina chumvi, tunajua sote, tunaioga kila siku. Binti mmoja wa kidato cha tatu aliniletea chupa safi za kupendeza, zinang'aa. Chupa yake ya Mariakani ilikuwa na chumvi kuliko zote. Tulipofuatilia, nyanya yake alikuwa amemsaidia kusuuza kwa maji ya kisima ili kuokoa yale ya kununua. Upendo wa nyanya ulifuta kazi ya wiki tatu, na binti yule alilia. Mweleze kila mtu nyumbani mapema.

Utajua umefaulu ukipima maji ya msuuzo wa mwisho na mita ikasoma kama ilivyosoma yalipokuwa bado kwenye mtungi, isizidi kwa 1 au 2. Chupa inayozidi hapo ianze kuoshwa upya.

## Hatua ya 3: Andaa chupa shahidi

Chupa shahidi ni chupa iliyooshwa kama nyingine, ikasafiri kama nyingine, ila haikukinga mvua. Ibebe hadi Mariakani. Pale, siku isiyo na mvua, mimina mililita 200 za maji yaliyotoneshwa kupitia faneli iliyotegwa, yaingie ndani ya chupa hiyo. Funga, irudishe pamoja na kumbukumbu zake.

Itakachosoma ndicho uchafu wa mikono, faneli, safari na matatu. Namba hiyo itatolewa kwenye kila kipimo. Kama shahidi anafikia theluthi ya chupa yako ya Mariakani, mvua hiyo usiihesabu, rudi ukaoshe. Inauma, lakini mtu anayekagua kazi yako ataanza kwa kuuliza shahidi yuko wapi, na asiye naye hana jibu la kumpa.

## Hatua ya 4: Tega faneli

Simika mti imara, faneli iwe mita 1.5 kutoka ardhini. Chini ya hapo matone yanayogonga udongo hurusha matope, na udongo wetu wa pwani una chokaa ya matumbawe itakayopandisha mita. Mdomo wa faneli upite ncha ya mti kwa shibiri moja, la sivyo maji ya mti yatarukia ndani. Kama unatumia boriti za mikoko, jua zimekaa kwenye maji ya chumvi maisha yao yote. Mti wa mwarobaini ni bora.

Kisha kunguru. Mombasa faneli nyeupe juu ya mti ni kiti cha kunguru, na kinyesi chake kimoja ni mwisho wa chupa. Zungushia mdomo wa faneli vijiti vitano vya plastiki vinavyosimama wima, au nyuzi za kuvulia zilizovutwa kwenda juu, nje ya ukingo. Asipate pa kukanyaga.

Funika kwa mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira. Faneli ibaki imefunikwa mpaka hatua inayofuata.

## Hatua ya 5: Fungua mvua inapokaribia, funga inapokwisha

Faneli iliyoachwa wazi siku nne kabla ya mvua hukusanya vumbi la barabara na chumvi kavu inayopeperuka. Mvua ikinyesha huosha vyote ndani ya chupa. Hapo umepima vumbi la siku nne, umeliita mvua.

Wapima theluji hawana bahati ya kufunika ardhi. Wao hulazimika kujua ni sehemu gani ya chumvi ilishuka ndani ya theluji na ipi ilijitua yenyewe ikiwa kavu. Ufukweni mwa Antaktika theluji ni nyingi, na kinachoshuka nayo ndicho kikubwa. Dome C mwaka mzima huleta theluji ambayo ikiyeyuka haizidi kama sentimita 2.5 za maji, kwa hiyo kinachotua kikavu kinapata nguvu. Watu wawili wakipima sehemu hizo mbili bila kujua hilo watabishana bure.

Watunza vituo wote wawe kwenye kikundi kimoja cha WhatsApp. Wingu likija kutoka baharini, aliye Mama Ngina anaandika, na kila mmoja anatoa mfuko mvua inapokaribia kwake. Kila mtu aandike saa ya kufungua, ya tone la kwanza, la mwisho, na ya kufunika.

Sharti lisilo na mjadala: vituo vyote viwe na mvua moja. Chupa ya Jumanne kutoka Makupa hailinganishwi na ya Ijumaa kutoka Mazeras, kwani upepo ulibadilika, mawimbi yalibadilika. Mvua isiyofika vituo vinne kati ya vitano, mwaga usikitike.

Kwenye theluji sharti hili lina sura ya kushangaza, na mimi hulipenda sana. Kule siku zimelala moja juu ya nyingine. Ukichimba mita moja karibu na bahari, huenda hujamaliza theluji ya mwaka mmoja. Ukichimba mita hiyo hiyo Dome C, umepita zaidi ya miaka kumi. Anayechukua kina sawa kila mahali analinganisha juzi na muongo uliopita. Hivyo wanahesabu matabaka ya majira, na pale ambapo theluji ni haba mno kuonyesha majira, wanatafuta alama ya volkano: asidi ya salfa ya Tambora ya mwaka 1815, au ya Pinatubo ya mwaka 1991, ilianguka bara zima na kuacha mstari. Mstari huo ukionekana kwenye mashimo mawili, umepata tarehe moja. Saa zenu za WhatsApp ndiyo volkano yenu.

## Hatua ya 6: Funga, andika, poza

Kaza kifuniko. Andika juu ya chupa kwa penseli kwenye karatasi ya gundi: kituo, tarehe, saa. Tia ndani ya mfuko, weka kwenye kasha la barafu. Barafu inayoyeyuka isilowanishe vifuniko. Pima ndani ya siku mbili, au weka kwenye friji.

## Hatua ya 7: Pima kwa mita

Toa chupa zote zikae chumba kimoja mpaka zifanane joto. Joto likipishana nyuzi moja, kipimo hupishana kama asilimia 2, na si mita zote zinazojirekebisha vizuri.

Sawazisha mita kwa maji ya 1413, kisha suuza ncha yake mara tano kwa maji yaliyotoneshwa. Maji ya kusawazishia ni chumvi tupu. Tone lake likibaki kwenye ncha litakudanganya.

Usichovye mita ndani ya chupa. Mimina kidogo kwenye kikombe safi, suuza ncha kwa maji hayo, yamwage, mimina mengine, soma. Rudia mara tatu. Anza na shahidi, halafu Mariakani, ukirudi kuelekea baharini. Kutoka kisafi kwenda kichafu, hivyo chumvi iliyobaki kwenye ncha haimdhuru mwenzake. Ukitaka kupima pia uchachu wa maji, fanya hivyo mwisho kabisa, kwa maji utakayoyamwaga, kwa sababu kipima uchachu huvujisha chumvi ya potasiamu.

Utajua umefaulu masomo matatu ya chupa moja yakikaribiana, na shahidi akisoma chini ya wote.

## Hatua ya 8: Pima kloridi, kama maabara ipo

Mita husoma kila kitu kilichoyeyuka, hata vumbi la chokaa. Kloridi inakupeleka karibu zaidi na bahari.

Pima mililita 100 za mvua. Ongeza ncha ya kisu ya bikaboneti, kwa sababu mvua kwa asili ni chachu kidogo, pH yake karibu 5.6, na kipimo hiki kinataka maji yasiyo machachu. Tia matone machache ya kromati. Maji yatakuwa ya manjano. Dondosha nitreti ya fedha polepole kutoka kwenye bureti huku ukizungusha chupa. Kila tone litatoa ukungu mweupe. Simama pale manjano yanapogeuka na kubaki na wekundu wa matofali hafifu, si mwekundu kabisa.

Fanya hivyo kwa shahidi pia. Toa kipimo chake. Kila mililita inayobaki ni miligramu 0.355 za kloridi. Mfano: mvua imetumia mililita 1.4, shahidi 0.3, zinabaki 1.1. Mara 0.355 ni 0.39 ndani ya mililita 100, yaani miligramu 3.9 kwa lita.

Maji ya Mariakani yanaweza kuwa na kloridi ndogo kuliko uwezo wa macho. Chemsha taratibu mililita 500 zipungue hadi 100 ndani ya chombo safi cha kioo, kisha gawanya jibu kwa tano. Maji yaliyotoneshwa ya kiasi hicho hicho nayo yachemshwe namna hiyo, yawe shahidi wa kipimo hiki.

Onyo: kromati ni sumu na huweza kuleta saratani. Glavu na miwani wakati wote, na mabaki yasiingie kwenye sinki. Yakusanywe kwenye chupa iliyoandikwa. Nitreti ya fedha huacha doa jeusi kwenye ngozi kwa siku kadhaa.

## Hatua ya 9: Fanya hesabu mbili, si moja

Ya kwanza ni ukolezi: miligramu kwa lita, uliyokwisha pata. Kama una mita tu, gawanya kipimo, baada ya kutoa shahidi, kwa 2. Ni makadirio ya chumvi iwapo chumvi ndiyo pekee iliyomo.

Ya pili ni mzigo ulioshuka. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba ni lita moja. Faneli ya sentimita 20 ina eneo la sentimita mraba 314, kwa hiyo mililita 314 ndani ya chupa ni milimita 10 za mvua. Zidisha milimita kwa ukolezi. Tuseme Makupa imepata milimita 20 zenye miligramu 8: mzigo ni 160 kwa mita mraba. Mazeras imepata milimita 40 zenye 3: mzigo ni 120. Ukolezi umeanguka zaidi ya nusu, mzigo umeshuka robo tu. Zote mbili ni kweli. Manyunyu hukoleza na mvua kubwa huzimua, kwa hiyo anayeonyesha hesabu moja anaficha nusu ya habari bila kujua.

## Hatua ya 10: Chora, halafu hoji kila nukta inayopotoka

Umbali chini, ukolezi kando. Tarajia kuanguka kwa kasi karibu na mwamba, kisha kulainika. Weka kwenye Mazeras mstari wa wima unaounganisha faneli zako mbili. Huo ndio upana wa kutojua kwako.

Nukta ikipanda pasipostahili, usiifute. Chukua kloridi yake, gawanya kwa 0.55 upate chumvi yote ya bahari, zidisha kwa 2 upate kile ambacho mita ingesoma. Kloridi ya miligramu 4 inatabiri karibu 15. Kama mita yako ilisoma 32, zaidi ya nusu haikutoka baharini: tafuta vumbi la machimbo ya mawe, moshi, au kunguru.

Wataalamu wa theluji hufanya utoaji huu huu kwa salfeti. Maji ya bahari yana salfeti robo ya uzito wa sodiamu. Wanachopata juu ya hapo wanakihesabu kimetoka kwingine: kwa viumbe vidogo vya baharini vinavyotoa gesi ya salfa wakati wa kiangazi, au kwa volkano. Na wakati mwingine wanapata pungufu! Theluji ya pwani ya majira ya baridi huweza kuwa na salfeti chini ya inayotarajiwa. Sababu ni kwamba maji ya chumvi yaliyobaki juu ya barafu ya bahari yakipoa chini ya takriban nyuzi 8 hasi, salfeti ya sodiamu hujitenga na kuganda. Chumvi inayopeperuka kutoka hapo imekwisha pungukiwa na salfeti. Chumvi hiyo ya barafu hutajwa pia kuwa sababu mojawapo ya chumvi katika theluji kuwa nyingi zaidi majira ya baridi, ingawa bahari iliyo wazi imesukumwa mbali na barafu inayofikia kilomita mraba milioni 18 kila Septemba. Aliyetegemea umbali peke yake angetabiri kinyume.

Nitreti ni ngumu zaidi. Kwenye uwanda wenye theluji haba, jua huivunja na kuirudisha hewani baada ya kuwa imekwisha anguka, hivyo kinachopimwa ni mabaki. Usitegemee kila kemikali ifuate mteremko mmoja. Wewe chagua kloridi, na ukipata kalsiamu ikipanda Miritini wakati kloridi inashuka, hujakosea.

Rudia kazi yote angalau kwa mvua mbili, na kama muda unaruhusu, tena wakati wa vuli, kuanzia Oktoba, kusi inapolegea na kaskazi kukaribia. Upepo ukigeuka, mstari wako wa barabara hautalala tena sawa nao, na grafu huenda ikabadilika umbo.

Kabla hujaosha chupa kwa mvua inayofuata, mimina mililita 100 za kila kituo kwenye kichupa safi, na za shahidi pia, uziweke kwenye friza zikiwa na majina. Siku mkaguzi wa kazi yako atakapouliza kwa nini Makupa iko juu, toa kichupa, kiyeyuke, mpime pamoja.